Jua Lilikuwa Shingoni

Mara ya tatu Umba alipoulizwa mtoto wake alikuwa wapi siku ile, alitoa jibu la tatu.

"Nilimuacha ku nyumba," alisema. "Alikuwa analala."

Nyuma ya meza, wanakamati watatu walitazamana. Katikati alikuwa Mchungaji Isaïe, mwenyekiti. Kulia kwake alikuwa Tshimanga, fundi wa foni, ile redio ya betri ambayo misheni za Wamethodisti zilitumia kuzungumza kila asubuhi. Kushoto alikuwa Éphraïm Mukalay, karani wa kanisa, kaka yake Umba wa baba mmoja na mama mmoja. Mlangoni alisimama askari kutoka Base ya Kamina, kambi ya ndege za jeshi, bunduki mkononi. Tangu vita vianze, mwaka uliopita, jeshi liliruhusu foni kwa sharti moja: askari asikilize kila ujumbe, na ujumbe wowote usioeleweka uhesabiwe kuwa ishara ya siri kwa adui.

"Umba," alisema Éphraïm, "siku ya kwanza ulisema Élisha alienda na baba yake, njia ya Bukama. Kiisha ukasema ulimutia mu bwato, apite ku maji. Leo unasema nyumba. Sasa tuite wapi? Bukama? Mulongo? Kule kwenu Kinkondja hakuna tena muntu wa kuita."

Umba aliangalia mikono yake, kisha mlango, kisha mikono tena.

"Yaya, minyi sijue," alimwambia kaka yake.

"Mama huyu anacheza na mutoto wake," alisema Tshimanga kwa sauti ndogo, lakini si ndogo ya kutosha.

Kanuni ilikuwa wazi. Aliyetafuta ndugu alisikilizwa mara tatu kwa siku tofauti. Simulizi tatu zikilingana, ujumbe ulikwenda. Betri ilikuwa kuukuu na familia zilizokimbia vita zilikuwa nyingi, kwa hiyo kila familia iliitiwa kituo kimoja tu. Aliyetunga kanuni hiyo alikuwa Éphraïm mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha Shule ya Jumapili, ambako mtoto aliyerudia aya bila kukosa neno alipewa peremende, na aliyebabaika alirudi kukaa. Hakuona sababu ya kuwapima watu wazima kwa kipimo kingine.

"Kanuni ni kanuni," alisema, bila kumtazama dada yake. "Ujumbe hauende."

Umba aliinama kidogo, kama afanyavyo mtu anayeshukuru, akatoka. Alipopita mlangoni alijibana ukutani ili nguo yake isiguse bunduki.

*

Siku hiyohiyo Ariane, binti wa Éphraïm, alikuwa bombani kuchota maji. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu huko Lubumbashi, katika fiziolojia ya ubongo. Chuo kilikuwa kimefungwa, umeme wa maabara ulikatika mara kwa mara, na profesa wake alikuwa amemwambia arudi kwao na matokeo aliyokwisha kupata, asubiri. Mtaani walijua jambo moja tu kuhusu masomo yake: panya.

"Docteur ya bapanya!" aliita Lise, aliyesoma naye shule ya msingi. "Bapanya bako, balifaulu egzamen?"

"Balifaulu bote, Lise. Hakuna hata moja alirudilia mwaka sawa na weye."

Wanawake walicheka, Lise kuliko wote. Lakini walicheka pia Ariane alipokwisha kujitwika ndoo na kuondoka, na hilo alilisikia. Baba yake naye hakumsaidia. Alipoulizwa binti yake anasoma nini, Éphraïm alijibu "udaktari", kisha akahamisha mazungumzo.

Nyumbani alimkuta mama yake, Marthe, akitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu kuliko yalivyohitaji.

"Baba yako amekatala dada yake," alisema Marthe. "Mbele ya bantu. Tangu afike hapa, Umba hajala hata sahani mbili kamili za bukari, na leo wanamuita muongo. Na aliyesema iko muntu wa tumbo moja naye!"

Éphraïm alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, viatu mkononi. Hakujitetea. Ariane alitua ndoo.

"Papa, Tantine Umba aliulizwa wapi?"

"Ku biro. Kule kwenye foni. Unajua."

"Mara zote tatu?"

"Zote."

"Na askari alikuwa?"

"Askari iko kila siku. Ni amri."

Ariane aliketi kwenye kinu kingine kilichopinduliwa. Alieleza polepole, bila kupamba, kama alivyozoea kueleza mbele ya profesa. Huko maabara walikuwa na beseni kubwa la maji yaliyochanganywa na unga wa maziwa ili yasionyeshe chini. Ndani yake kulikuwa na tofali moja, limefichwa kidogo tu chini ya maji. Panya akiwekwa humo huogelea ovyo mpaka anapokanyaga tofali na kupumzika. Akirudishwa mara kadhaa hujifunza mahali pake, na huenda moja kwa moja. Lakini panya huyohuyo akitiwa hofu muda mfupi kabla ya mtihani, kwa umeme mdogo miguuni, huzungukazunguka ukingoni kama ambaye hajawahi kuliona beseni.

"Amesahau," alisema Éphraïm.

"Hapana. Hapo njo kazi yangu ilianzia. Ukimuacha atulie, ukamurudisha baadaye, anaenda moja kwa moja ku tofali. Hakusahau. Hofu inatoa dawa fulani mu damu, ile dawa inafika mu sehemu ya ubongo yenye kushika mahali na mpangilio, na inafunga njia. Kitu kiko ndani. Njia njo imefungwa."

"Umba si panya, Ariane."

"Ni kweli, Papa. Panya tulimupa nafasi ya kutulia. Tantine, kila mara munamupitisha mbele ya bunduki, kiisha munamuuliza."

Marthe aliacha kutwanga. Éphraïm alivaa kiatu kimoja, akakivua tena.

"Muntu mwenye kusema kweli habadilishe maneno," alisema hatimaye. "Kweli iko moja. Nimefundisha vile maisha yangu yote."

*

Kesho yake Mchungaji Isaïe na Tshimanga walikuja kuketi na familia. Ndivyo ilivyokuwa desturi: uamuzi ukiumiza nyumba ya mmoja wao, wenzake walimfuata nyumbani kwake kabla kinyongo hakijaota. Umba alikuwa uani nyuma ya nyumba na hakuitwa. Marthe alileta chai isiyo na sukari na hakuomba radhi kwa hilo.

Ariane aliomba ruhusa ya kuwauliza wazee jambo.

"Uliza, mwanangu," alisema Isaïe. "Kama si mambo ya bapanya."

"Munakumbuka ile Siku ya Mungu ndege ya Base ilipita chini, juu ya kanisa?"

Wote waliikumbuka Jumapili ile. Nani angesahau? Ilikuwa wiki za kwanza za vita. Watu walidhani ni bomu, wakalala chini ya viti, na bibi mmoja alipotea mpaka jioni.

"Basi, kila moja aandike pa karatasi, bila kuuliza mwenzake. Ilipopita tulikuwa tunafanya nini? Na Papa Éphraïm alikuwa wapi?"

Waliandika haraka, kwa uhakika wa watu waliosoma. Ariane alikusanya karatasi na kuzisoma kwa sauti. Isaïe alikuwa ameandika kwamba kanisa lilikuwa katika maombi na Éphraïm alipiga magoti karibu yake. Tshimanga aliandika kwamba kwaya iliimba wimbo wa toleo la sadaka na Éphraïm alipitisha sahani. Éphraïm aliandika kwamba mchungaji alikuwa mimbarani akihubiri, naye aliketi mahali pake pa kawaida, kiti cha mbele.

"Nilihubiri?" alisema Isaïe. "Mukalay, ile siku sikufika hata ku mahubiri!"

"Pasta, nilikuona na macho yangu."

"Na toleo je?" alisema Tshimanga. "Feza ilimwangika chini, nilisikia!"

"Muko bawongo bote watatu," alisema Marthe kutoka mlangoni, birika mkononi. "Ilikuwa matangazo. Weye, Éphraïm, ulikuwa mbele unasoma majina ya batoto ya ubatizo. Ndege ilipofika, ulitupa karatasi ukaingia chini ya meza ya Bwana. Kichwa kiligonga meza, pwaa!"

Kisha Isaïe alianza kucheka, kwanza puani, halafu kwa mwili wote.

"Mutumishi wa kanisa! Chini ya meza ya Bwana!"

Éphraïm alitaka kujibu, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kupanda juu ya jicho la kushoto, penye kovu dogo. Muda wote huo alikuwa ameeleza, na kuamini, kwamba aligongana na kiti. Viti vya kanisa vilikuwa vya mbao za mviringo. Meza ya Bwana peke yake ndiyo iliyokuwa na kona ya bati.

"Wazee," alisema Ariane, "muliandika pia kitu ambacho sikuuliza. Bote watatu. Kivuli kikipita mu madirisha, na ile kelele ya kutetemesha meno. Hapo hamupishane hata neno. Ubongo wenye hofu unashika kile chenye kutisha, unakishika sana. Kile cha pembeni, nani alikuwa wapi, nini ilitangulia nini, kinalegea. Halafu akili inajaza nafasi na kile cha kila Siku ya Mungu: maombi, toleo, mahubiri. Hakuna aliyesema uongo hapa. Lakini kwa kanuni ya kamati, hakuna ujumbe hata moja ungetoka."

Tshimanga aliiangalia karatasi yake kama imeandikwa na mtu mwingine.

"Na ile ya kusema sawasawa mara tatu?" aliuliza Isaïe, ambaye sasa hakucheka.

"Pasta, mwenye kusema sawasawa mara tatu, pengine ameona vizuri. Pengine amejifunza kwa moyo. Kanuni haiwezi kutenganisha wale wawili."

Isaïe alikunywa chai yake isiyo na sukari hadi mwisho.

"Mutoto ya Mukalay," alisema, "unataka nini?"

"Nimuulize Tantine kwa njia yangu. Hapa. Na Papa akae asikie, asiseme kitu."

*

Alasiri, Ariane hakuuliza chochote. Aliweka mbele ya shangazi yake samaki wabichi aliowanunua sokoni, na majani, na uchaga wa vijiti juu ya moto mdogo. Umba, mwanamke wa Ziwa Kisale, hakuhitaji kuelezwa. Alipasua samaki mgongoni, akawapinda mkia kuingia mdomoni, akawapanga juu ya moshi. Mabega yake yalishuka. Mara moja alimkemea Ariane kwa namna alivyoshika kisu.

"Lubumbashi haifundishe kushika kisu?"

"Hapana, Tantine. Inafundisha kushika panya."

Umba alicheka. Marthe, aliyekuwa akichambua mchele, aliinua kichwa. Hakuwahi kusikia kicheko hicho tangu wifi yake afike. Éphraïm aliketi nyuma ya mlango uliokuwa wazi nusu, mikono kati ya magoti.

Ariane alikuwa amejiwekea masharti. Hakutaja Bukama wala Mulongo, kwa sababu jina likitajwa huingia katika kumbukumbu ya anayeulizwa na kukaa kama lake. Hakuomba mambo kwa mpangilio. Aliuliza vitu vidogo ambavyo mwili hushika.

"Ile siku, mikono yako ilikuwa na harufu gani?"

"Moshi. Samaki. Sawasawa na sasa." Umba aligeuza samaki mmoja. "Na tope. Tope ya ku bwato."

"Miguu yako ilikuwa mu nini?"

"Mu maji. Hapa." Aligusa goti kwa mgongo wa mkono.

"Jua lilikuwa wapi?"

Umba aliinamisha kichwa, na mkono wake mchafu ukaenda wenyewe nyuma ya shingo.

"Lilikuwa linanichoma hapa. Hapa, mu shingo. Lilikuwa la mangaribi." Aliutoa mkono shingoni. "Na usoni mwa Musau lilikuwa linang'aa. Alikuwa anafunga macho."

"Musau ni nani?"

"Mama mwenye bwato. Wa kule kwetu. Bwato yake inatoboka, inaingiza maji, basi nikamutia mutoto mu basani. Ile basani ya bleu, ya samaki. Nikasema, Élisha, kaa mo, usishuke, hata ukisikia nini. Akakaa." Alipanga samaki mwingine, kwa uangalifu mkubwa. "Constant, bwana yangu, alikuwa nyuma, na mama yake hawezi kutembea. Niliwaza niende nibavute, kiisha tutafuata. Njo nikasukuma bwato. Minyi njo nilisukuma, Ariane. Na mikono hii. Na kule nyumba sikukuta muntu."

Moshi ulibadili upande.

"Mu njia nilikuwa ninajiambia iko na baba yake," alisema Umba. "Kila siku ninajiambia. Mutoto iko na baba yake, mutoto analala ku nyumba. Hata minyi nikaamini."

Nyuma ya mlango, Éphraïm alifanya hesabu ambayo mtoto wa shule angeifanya. Jua la magharibi shingoni mwa anayetazama mtumbwi: mtumbwi ulikwenda mashariki, kuingia kwenye mto mkubwa. Upande huo wa mto, misheni iliyokuwa na foni ilikuwa moja tu: Mulongo.

*

Asubuhi Tshimanga aliita Mulongo. Sauti ya Ézéchiel, fundi wa huko, ilikuja imekwaruzwa. Éphraïm alisoma ujumbe: Élisha, mwana wa Constant na Umba, wa Kinkondja, aliletwa katika mtumbwi wa Mama Musau, alikaa ndani ya beseni la bluu.

"Simama," alisema askari mlangoni. "Basani ya bleu? Mu vita? Hiyo iko code."

Tshimanga aliondoa mkono kwenye foni kana kwamba umeungua. Mchungaji Isaïe alifungua mdomo. Éphraïm aliyekuwa akitetemeka, na aliyejua sasa kwamba kutetemeka kwake hakukuwa ushahidi wa kitu chochote, alisimama.

"Shefu, iko basani ya kuoshea samaki. Mutoto alikaa ndani. Kama iko code, nyumba yangu iko nyuma ya kanisa, jina langu ni Mukalay Éphraïm, utanikuta. Sitaikimbia."

Askari alimtazama kwa muda. Alikuwa kijana, na huenda naye kwao kulikuwa na mabeseni. Alisogeza kidevu kuelekea foni.

Jibu lilikuja siku iliyofuata, kabla hata Tshimanga hajamaliza kuita.

"Kamina, Kamina. Mutoto wenu iko hapa, na basani yake. Anakatala bantu baoshe sahani ndani. Ninarudilia: iko hapa, muzima."

Isaïe alipiga meza kwa viganja viwili. Tshimanga alilia bila kuficha, na baadaye alisisitiza kwamba hakulia.

"Kamina," sauti iliendelea, "hapa batoto banatushinda. Majina banayo, lakini Élisha tuko nabo watano, na wengine banaogopa kusema hata jina ya baba. Basani njo ilituonyesha. Nani aliuliza mama yake mpaka basani ikatoka?"

Éphraïm aliomba foni. Tshimanga alishangaa, kwa sababu karani hakuwahi kuishika.

"Ni binti yangu Ariane," alisema Éphraïm. "Anasoma ubongo. Namna hofu inafunga kumbukumbu, na namna ya kuifungua. Alianza na bapanya." Alifikiri kidogo, akaongeza, kwa vile ilikuwa kweli: "Anajua kazi yake."

*

Kanuni ya mara tatu iliondolewa, na aliyepeleka pendekezo mbele ya kamati alikuwa yuleyule aliyeitunga. Mahojiano yalihamia jikoni mwa kanisa, mbali na askari. Ariane aliwafundisha Marthe na wanawake wengine wawili namna ya kuuliza: kutotaja jina la mahali, kutosahihisha, kuanza na mikono na miguu. Baadhi ya watu walipatikana, wengi hawakupatikana. Constant hakupatikana. Ariane alihesabu waliopatikana na wasiopatikana kwa usawa, maana bila hesabu ya pili ile ya kwanza haina thamani. Chuo kilipofunguliwa, alimpelekea profesa habari kwamba angependa kuacha beseni la panya na kuanza kazi mpya juu ya watu waliokimbia vita. Profesa alijibu kwamba aje na njia yake ya kuuliza, wataibishania.

Élisha alifika Kamina kabla Ariane hajarudi Lubumbashi, kwa mtumbwi, kwa baiskeli ya mchuuzi wa samaki, kisha kwa behewa la mizigo. Alipoulizwa habari ya siku ile, alisema mama yake aliingia mtumbwini pamoja naye, akashuka baadaye. Umba alimtazama Ariane. Ariane alitikisa kichwa: asisahihishwe.

Siku ya kuondoka, Éphraïm alibeba sanduku la binti yake kichwani mpaka stesheni. Karani wa kanisa, mwenye tai, hakuwahi kuonekana barabarani na mzigo kichwani. Watu walisimama kutazama. Bombani, Lise aliweka mkono kiunoni.

"Docteur ya bapanya! Unaenda? Utubasalimie bapanya!"

Ariane alikuwa na jibu tayari, lakini baba yake alitangulia. Aligeuka taratibu ili sanduku lisianguke, akanyoosha mkono kuelekea Élisha, aliyekuwa nyuma yao amevaa beseni la bluu kama kofia.

"Bapanya njo balituletea huyu," alisema, kwa ile sauti aliyosomea matangazo kanisani. "Atabasalimia. Na atabashukuru."

Bomba liliendelea kumwaga maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Lise alimtazama mtoto, akamtazama mzee aliyevaa tai chini ya mzigo, kisha akaacha ndoo yake, akaja, akaushika upande mmoja wa sanduku.

"Shusha, Papa Mukalay," alisema. "Tubebe wawili. Docteur atachelewa treni."